Nakala Sita

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku milimani Mwese, mwaka wa tisa sasa, na sipendi walimu wanaokimbia. Nawaambia usoni. Kwa hiyo Jumatatu, Mwalimu Recho aliponiletea barua yake ya kuomba uhamisho niipitishe, niliisukuma pembeni ya meza.

"Mume wako yuko Mpanda, mtoto yuko Mpanda, sawa. Hisabati ya darasa la saba afundishe nani? Mimi?"

"Mkuu, mtoto ana miaka miwili. Wikiendi hii kaniita shangazi."

"Nyie vijana hamna moyo. Kazi ni wito. Sisaini."

Alitoka, akarudi na waya mpya wa printa. Aliununua hukohuko Mpanda alipokwenda kumwona mtoto, maana ule wa kwanza panya waliutafuna kabla printa haijatoa hata karatasi moja. Printa yenyewe wazazi walituletea mwezi uliopita, wamepanda nayo mlima kwa bodaboda.

"Tuunganishe, Mkuu, mtihani wa majaribio ni keshokutwa," akasema. Ndiyo maana nilimtaka abaki, jamani! Mwingine angenuna wiki nzima.

Mwalimu Salvatori naye akaja kutazama. Huyu mdomo wake haujui likizo. Recho akachomeka waya, huku printa, huku laptop ya shule. Taa ikawaka kijani.

"Mbona inavuta karatasi? Sijabonyeza kitu," Recho akasema.

Salvatori akaidaka ile karatasi. "Huu si mtihani. Yahusu: ombi la uhamisho."

"Mwalimu Recho!" nikafoka. "Nimekataa moja, unaprinti nyingine mbele yangu?"

"Mkuu," Salvatori akasema taratibu, "hii ni ya kwenda Magamba. Chini pana jina lako."

Nikakumbuka Jumamosi ile, mwezi uliopita, peke yangu ofisini. Niliandika, nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, jumla mara sita. Nilipoona waya umeliwa, nikaifuta barua na kujiambia yamekwisha. Kumbe laptop ilizipanga zote foleni, ikangoja waya.

Ya pili ikatoka. Ya tatu. "Zima hiyo kitu!" nikapiga kelele, lakini hakuna aliyejua pa kuzimia. Zikatoka zote sita. Niliona aibu, nisiseme uongo. Hata Salvatori aligeukia dirishani.

Recho akazikusanya, akazisawazisha kingo, akaziweka mbele yangu maandishi chini. Sababu alikuwa ameshaiona.

"Mama yako huko Magamba anaumwa tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Hata maji anachotewa na majirani."

"Na hukutuambia, Mkuu."

"Ningewaambiaje, na hizi hotuba zangu?"

Hakunicheka. Akafungua mtihani kwenye laptop, akabonyeza mara moja tu, na nakala arobaini na tatu zikatoka safi. Nilikaa namtazama mpaka ya mwisho. Kisha nikavuta barua yake kutoka pembeni ya meza, nikasaini, nikagonga mhuri.

"Asante sana, Mkuu." Machozi yalimlenga. "Na yako je?"

"Tukiondoka wote, hawa watoto tunamwachia nani? Nitaipeleka wakishamaliza darasa la saba."

"Basi nikishahamia, Magamba si mbali na mjini. Kila Jumapili nitapita kumwona Mama. Nitamfulia, nitakupigia simu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Recho alipotoka, Salvatori akapata mdomo wake. "Sasa Mkuu, hisabati atafundisha nani?"

"Mimi. Niletee kitabu."

Miaka kumi na mitano sijagusa sehemu na desimali. Karatasi za shule tunazibania, kwa hiyo nikachukua barua zangu sita, nikaanza kukokotoa hesabu upande wa nyuma.