Msimu wa Pili wa Kunde

Kunde zilikauka mwezi wa Mei, kabla hata ya kutoa maua. Daktari Ruguru alizitazama zikisinyaa katika shamba la mama yake kule Siakago, na kila alipokwenda alikuta mistari imepungua. Mwishowe mbuzi wa jirani waliruka ua wakamaliza zilizobaki, wala hakuna aliyejisumbua kuwafukuza.

Ruguru alikuwa mhadhiri wa kilimo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkazi wa mtaa wa Majimbo mjini Embu. Tangu ule mgomo mrefu wa wahadhiri, mambo chuoni hayakuwahi kurudi sawasawa. Majarida ya kisayansi yaliacha kufika maktabani. Mizani za maabara zilikuwa mbovu, na madarasa yalifurika hadi wanafunzi wakakaa madirishani. Hata hivyo kamati ya kupandisha watu vyeo iliendelea kuuliza swali lile lile: umechapisha nini? Alikuwa ameketi mbele yao zaidi ya mara moja na kutoka bila cheo. Ndiyo sababu Profesa Bae alipokuja kutoka Korea na mbegu mpya ya kunde, iliyosemekana kuvumilia ukame, Ruguru alimpokea kwa mikono miwili.

Bae alikuwa mtu asiyetulia. Akikaa, goti linacheza. Akila, anainuka sahani ikiwa bado na chakula. Alipanga chumba katika mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, na mwenye nyumba alimlalamikia Ruguru kwamba mgeni wake hajui Jumapili wala sikukuu. Ruguru alipomuuliza kisa, Bae alicheka kidogo.

"Kwetu uchumi ulianguka," alisema. "Sasa chuo kinatuajiri kwa mkataba, na mkataba unapimwa kwa makala. Si makala nzuri, Daktari. Makala nyingi, tena katika majarida ya nje. Na katika kila moja jina la profesa wangu mkuu linatangulia, hata kama hajaisoma. Mkataba wangu unaisha Desemba."

Kunde za majaribio zilipokufa msimu huo wa pili, Bae alikuja ofisini kwa Ruguru akafunga mlango.

"Msimu wa kwanza tulivuna vizuri," alisema akiwa bado amesimama. "Jarida halikubali msimu mmoja. Tunajua mbegu inavyofanya. Tuukadirie wa pili."

"Tuukadirie vipi, na hakuna tulichovuna?"

"Tunapunguza kutoka hesabu za msimu wa kwanza. Wengi wanafanya hivyo."

"Sawa," Ruguru akasema.

Neno lilimtoka upesi hata yeye mwenyewe akashtuka. Alasiri hiyo waliketi mbele ya kompyuta ya idara wakabuni mavuno ya shamba lililoliwa na mbuzi. Walibishana kwa makini kabisa, kama watu wanaofanya kazi ya halali. "Shusha kidogo hapo," Ruguru alisema wakati mmoja, "yasionekane mazuri kupita kiasi." Bae akashusha, na ripoti ikatumwa kwa maafisa wa kilimo siku iyo hiyo.

Tangu siku hiyo Ruguru naye hakuweza kukaa. Alianza kusahihisha mitihani akaiacha. Alitoka kwenda sokoni akarudi bila alichofuata. Jina lake lingekuwa kwenye jarida, hatimaye, na kila alipolifikiria hilo aliinuka tena kitini.

Jumapili iliyofuata alikwenda Siakago. Mama yake, Beth, alikuwa ametoka kanisani, amekaa uani akipepeta kunde zake za zamani, zile ndogo nyekundu alizorithi kwa mama mkwe.

"Afisa wa kilimo alitutembelea," Beth alisema. "Anasema Oktoba tutagawiwa ile mbegu yako, na kwamba mmeipima mkaona ni nzuri. Mimi nikashangaa. Si zilikufa hapa hapa?"

"Tulipima pia mahali pengine, Mama."

"Ahaa. Basi nashukuru. Hizi sitaziweka tena, nitazipika zote. Na wale wamama wa kanisa nimewaambia wapike zao. Kama binti yangu amesema mbegu ni nzuri, tuhangaike na hizi za nini?"

Ruguru aliutazama ungo ukipanda na kushuka.

"Usizipike," alisema.

"Kwa nini?"

"Wewe ngoja kwanza, Mama. Usizipike."

Beth aliusimamisha ungo, akamwangalia bintiye usoni, kisha akazimimina kunde kwenye mfuko wa mbegu.

Siku chache baadaye walitakiwa Meru, kwenye mkutano wa maafisa wa kilimo katika ukumbi mmoja upande wa Kinoru. Ruguru ndiye angesoma matokeo. Waliondoka asubuhi na gari lake kuukuu. Barabara ilijipinda milimani, ikateremka mtoni na kupanda tena, na Bae aligeuza geuza kurasa bila kusoma. Walipovuka daraja la Nithi, Ruguru alisema bila kumwangalia, "Sitausoma msimu wa pili."

Bae aliacha kugeuza kurasa.

"Mama yangu ataipanda mbegu ile. Yeye na kanisa zima. Mvua ikikosa tena watakosa chakula, na zile za zamani watakuwa wamezila."

"Na mimi?" Bae aliuliza. "Umenifikiria mimi?"

"Nimekufikiria. Hata mimi mwenyewe nimejifikiria. Ndiyo maana nilikubali."

Wakaendelea hadi Meru.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bwana Mbaabu, mwenyekiti, alimkaribisha Ruguru kwa sifa nyingi. Ruguru alisoma msimu wa kwanza wote, kisha akaziweka karatasi chini.

"Msimu wa pili kunde zilikufa," alisema. "Zote. Hesabu zilizo katika ripoti mliyopewa tulizitunga ofisini. Tafadhali msiigawe mbegu hii Oktoba."

Minong'ono ikazuka. Mbaabu, uso umemwiva, alimgeukia Bae. "Profesa, mwenzako anasema nini? Ni kweli?"

Bae alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Ruguru alimwona ametulia kabisa, hata mikono.

"Ni kweli," alisema. "Wazo lilikuwa langu. Nililiona shamba lile. Hakukuwa na kitu cha kupima."

Akaketi, akavua miwani, akafumba macho.

Mbegu ilisimamishwa. Bae alirudi kwao mwezi wa Agosti, na kwenye uwanja wa ndege waliagana kwa kushikana mikono tu. Chuoni, mkuu wa idara, Daktari Mwaniki, alimpa Ruguru onyo kali na kulifuta jina lake katika orodha ya wanaosubiri cheo. "Umejichongea mwenyewe," alimwambia. "Ungenyamaza, nani angejua?" Wenzake kadhaa waliacha kunywa chai naye. Mmoja, kijana aliyeanza kazi juzi, alimfuata kwenye ngazi akamwomba amfundishe jinsi ya kuandika kuhusu jaribio lililoshindwa. Walianza Jumatano hiyo.

Mwezi wa Januari simu ya idara ililia, naye akaitwa. Alikuwa Bae, sauti ikikwama na kurudi. Mkataba haukuongezwa. Profesa wake mkuu alitaka kuichapisha makala ile hata hivyo, naye Bae akaliandikia jarida kulizuia, basi sasa hakuna idara inayomtaka.

"Unajuta?" Ruguru aliuliza.

"Siku nyingine ndiyo. Asubuhi hasa. Na wewe?"

Ruguru alifikiria kumpa jibu la kumfariji. "Bado silali vizuri," alisema.

"Hata mimi," Bae akasema, kisha laini ikakatika. Ruguru alisimama pale na mkono wa simu sikioni, akingoja labda irudi. Haikurudi. Akaurudisha mahali pake, akachukua chaki, akaenda darasani.