Vibanio Thelathini

Bisibisi alikuwa fundi simu, na duniani alikuwa na maadui wawili. Wa kwanza alikaa ng'ambo ya barabara, fundi mwenzake aliyejivika koti jeupe na kuandika kwenye ubao wake "Daktari wa Simu", kana kwamba simu zinaumwa tumbo. Huyo Bisibisi alishamzoea. Wa pili alikuwa bado hajamtia hata machoni. Alimjua kwa sauti tu.

Huyo wa pili alikuwa Ticha.

Mambo yalianza hivi. Mke wa Bisibisi alikuwa dobi kwenye hoteli kubwa. Miaka sita amekaa chini kabisa, chumba hakina dirisha, mashine zinanguruma mpaka ukitoka nje unamsalimia mtu kwa kupiga kelele. Siku moja hoteli ikatangaza nafasi moja ya mapokezi, ya mfanyakazi wa humohumo ndani, ila ajue Kiingereza. Wakaletewa mwalimu, saa kumi na moja jioni, mara tatu kwa wiki. Mke wa Bisibisi akawa wa kwanza kujiandikisha. Mapokezi! Kuna madirisha ya kioo pale, kuna maua, kuna kiti cha kuzunguka. Alikitaka kile kiti kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Sasa Ticha alikuwa na staili yake. Hataki daftari. Masikio kwanza, anasema. Kila mwanafunzi alipewa neno moja dogo la Kiingereza, akaambiwa alizunguke kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta milango yake yote. Mpishi alipewa "get". Mlinzi alipewa "set". Mke wa Bisibisi akapewa "run". Alete matumizi thelathini, na kila moja awe amelisikia kwa masikio yake mwenyewe, aseme nani alitamka na walikuwa wapi. Ya kuokota mtandaoni hayahesabiki, na siku ya usaili meneja atakuwepo, na meneja ana pua ya kunusa uongo.

"Run si kukimbia?" Bisibisi aliuliza siku ile ya kwanza, macho yako kwenye simu ya mteja.

"Ndivyo nilivyojua na mimi! Kumbe kukimbia ni mlango mmoja tu. Leo mgeni kanipigia simu dobi, anataka blausi yake ifuliwe peke yake, rangi isije ikachuja. Kwa Kiingereza rangi nayo ina-run, unaona? Na pua ya mwenye mafua ina-run! Na bomba ukiliacha wazi!"

"Mm," akasema Bisibisi.

Hiyo "mm" ndiyo chakula mkewe alicholishwa wiki baada ya wiki. Anakuja na neno lake jipya, amelishika kama yai, mume anamjibu mm. Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha akaacha kuleta. Darasani alikuwa akirekodi kwa simu yake tangu mwanzo, sasa jioni akawa anaanika nguo uani huku anajisikiliza mwenyewe kwa spika za masikio, anatabasamu na shuka.

Hapo ndipo Bisibisi akaanza kuona. Mwanamume anaweza asione mkewe amesuka nywele, lakini akitabasamu na shuka, ataona.

"Unacheka nini?"

"Neno tu."

Neno gani hilo linachekesha hivyo? Wivu ukaingia, ukavua viatu, ukakaa.

Kesho yake simu ya mkewe ikagoma kuingiza chaji. Ungekuwa wewe mke wa fundi simu, ungempelekea nani? Akamletea mumewe pale kwenye meza yake ya barabarani, akamwambia, "Bisi, nitengenezee haraka baba, usaili wangu ni Ijumaa. Mazoezi yangu yote yamo humu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Vumbi limejaa kwenye tundu la chaji, sindano moja, puliza, basi. Lakini Bisibisi alimwambia mkewe kuna kifaa kinasubiriwa, kinakuja kesho. Mkewe alipopotea kwenye kona, akavaa spika za masikio.

Rekodi zilikuwa thelathini. Akafungua ya kwanza.

Sauti ya mwanamume! Nzito, tamu, ya mtu anayejua kwamba anasikilizwa. "My car is still running. Sikimbii, gari halikimbii, limesimama pale nje. Lakini injini inawaka. Umelipata hilo, dada?" Na mkewe, kwa mbali: "Nimelipata, Ticha."

Akafungua ya pili. Ya tatu. Hoteli inaendeshwa, nayo ni run. Mgeni anataka ajaziwe maji ya kuoga kwenye beseni kubwa, run. Sabuni imeisha, run out. Soksi ndefu ya dada wa mapokezi imefumuka mstari kutoka gotini hadi kisiginoni, run, na hapo mkewe kasema "maskini soksi!" na darasa zima limecheka. Mtu anagombea ubunge, run. Homa imempanda, run. Kila rekodi Ticha anasema hodari, hodari sana wewe, na mwishoni anakohoa kidogo, kikohozi cha kistaarabu.

Rekodi ya thelathini haikuwa na darasa. Ilikuwa na wao wawili tu, sauti ya mlango unafungwa, wengine wameshaondoka. Ticha anauliza, "Hicho kicheko chako, mama yako naye anacheka hivyo?" Mkewe anasema, "Mama ndiye fundi, mimi mwanafunzi." Ticha anasema, "Basi it runs in the family. Kimo kwenye damu ya ukoo." Na mkewe akacheka. Sekunde kumi na moja. Bisibisi alizihesabu. Kicheko kile mara ya mwisho alikisikia wakiwa wachumba, siku yeye mwenyewe alipokalia rangi mbichi kwenye benchi.

"Mama mkwe wangu kaingiaje humu?" akasema kwa sauti.

Dada Makava, jirani yake anayeuza makava ya simu, akageuka. "Unaongea na nani, fundi?"

"Na simu."

"Simu inakujibu?"

"Ungejua inavyonijibu!"

Siku mbili hakufanya kazi nyingine. Anachomelea waya anasikiliza. Anakula anasikiliza. Kesho yake jioni akaenda hadi nje ya hoteli kumpeleleza huyo Ticha, akiomba moyoni awe mzee mwenye kitambi. Akatoka kijana mrefu, akakohoa kile kikohozi cha kistaarabu, shati limenyooka, ana viatu vinavyong'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu humo. Bisibisi akarudi nyumbani akitembea upande wa kivuli.

Na Jumatano asubuhi, mbele ya meza yake mwenyewe, na bisibisi yake mwenyewe mfukoni, alifanya jambo ambalo fundi hulifanya kwa simu ya mtu aliyekufa tu. Akaifuta yote. Thelathini, zikaenda. Kidole kimoja, mara mbili.

Jioni akamkabidhi mkewe. "Bodi ilikuwa imekufa, mke wangu. Nimeifufua, lakini ilibidi nisafishe kila kitu."

Mkewe hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomuuma Bisibisi, maana alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa pale uani, simu mapajani, akaiangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyerudi bila viatu.

"Hata moja haikubaki?"

"Hata moja. Mwombe Ticha wako akurudie."

"Ticha amesafiri jana usiku. Mkewe kajifungua. Anarudi Ijumaa asubuhi, palepale kwenye usaili." Akavuta pumzi. "Na wewe ndiye fundi. Ukishindwa wewe, nani ataweza?"

Mkewe kajifungua. Bisibisi alitamani ardhi ipasuke, lakini uani kulikuwa na saruji.

Alhamisi, kabla jua halijazama, mkewe alishusha nguo zote kwenye kamba. Akachukua kopo la vibanio vya nguo, akahesabu thelathini, akaanza. Anataja matumizi moja, nani alisema, wapi, halafu anabana kibanio kwenye kamba. Pua, mgeni wa chumba cha nne, lifti. Bomba, mpishi, jikoni. Rangi ya blausi. Injini. Sabuni. Vibanio vikajipanga kama ndege. Alipofika kumi na nane akasimama. Akarudi mwanzo. Kumi na nane. Akarudi tena. Kumi na nane, na kopo halijaisha, na macho yameshaanza kumjaa.

Bisibisi alikuwa mlangoni, simu mkononi, anajifanya anasoma. Yote kumi na mbili yaliyobaki yalikuwa kichwani kwake. Yalikuwa yanamchoma ulimi. Akae kimya, mkewe arudi chini kwenye mashine, na Ticha abaki huko juu peke yake. Kitu kimoja tu, akae kimya.

Mkewe akajifuta pua kwa kiganja, kimyakimya, kama mtoto.

"Soksi," Bisibisi akasema.

"Nini?"

"Soksi ya dada wa mapokezi. Imefumuka. Run."

Mkewe akamgeukia taratibu. "Umeijuaje hiyo?"

"Si uliniambia mwenyewe! Siku ile. Ulikuwa unakuna nazi, mimi nafungua betri."

"Nilikuambia?" Akafikiri. Kibanio cha kumi na tisa kikabana. "Nilidhani hukusikia."

"Nilisikia."

"Haya, nyingine?"

"Ubunge. Kugombea. Alisema mlinzi, getini." Kibanio. "Homa, yule mgeni wa chumba cha tisa, ulimpelekea mashuka." Kibanio. "Basi la wafanyakazi, linapita kila baada ya saa moja." Kibanio. Yakawa yanatoka moja baada ya jingine, nani, wapi, mpaka sauti yake ikaanza kuzama chini kama ya Ticha bila yeye kujua, na mwisho wa kila moja anakohoa kidogo. Mkewe alikuwa anacheka sasa, anakimbilia kopo na kamba, kopo na kamba.

Kibanio cha ishirini na tisa kilipobana, alimshika mumewe mashavu yote mawili.

"Kumbe huwa unanisikiliza! Miezi miwili mimi nadhani naongea na ukuta. Kumbe mm zote zile ulikuwa unameza kila neno! Bisi, mume wangu, nisamehe."

Mimi nawaambia, hakuna kofi linalouma kama lile. Bisibisi alisimama pale na mashavu yake mikononi mwa mkewe, anaombwa msamaha.

"Kimebaki kimoja," mkewe akasema. "Kipi? Nikumbushe."

Alijua ni kipi. Alijua pia kwamba hicho hakukisikia jikoni wala uani. Mkewe hakuwahi kukileta nyumbani. Alikiweka kwake tu.

"Sikumbuki," akasema.

"Jaribu baba. Bila cha thelathini hata mlangoni hawaniruhusu kuingia. Ticha ameshaandika thelathini kwenye fomu."

Kibanio kimoja ndani ya kopo. Jua linaondoka ukutani.

"Kicheko," Bisibisi akasema, akiangalia miguu yake. "Kicheko chako na cha mama yako. It runs in the family."

Mikono ikatoka mashavuni. Mkewe akachukua kibanio, akakibana mwisho wa kamba, polepole, akahakikisha kimenyooka. Halafu akabaki amempa mgongo.

"Hicho sikukuambia."

"Hukuniambia."

"Hicho nilisikia peke yangu, darasani, watu wameondoka. Nikasema hiki sikipeleki nyumbani, kitajibiwa mm." Akageuka. "Bodi haikufa."

"Haikufa."

"Ulisikiliza mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Yaani kunisikiliza unaweza. Ila mpaka niwe naongea na mwingine."

Bisibisi akafungua mdomo.

"Nyamaza. Kesho nina usaili. Kaa kwenye hiyo ndoo. Nitataja yote thelathini mara tatu, na wewe ukiona nimekosea utasema, kwa sababu unayajua kuliko mimi. Mengine baada ya Ijumaa."

Akakaa kwenye ndoo. Alisikiliza mara tatu. Hakusema mm hata moja.

Ijumaa mkewe alipita. Meneja aliuliza, Ticha alikohoa, yote thelathini yakatoka, na waliotamka na mahali pake. Jumatatu akapanda juu, kwenye kioo na maua na kiti cha kuzunguka. Nyumbani aliongea na mumewe vizuri, alimwekea chakula, alimwuliza habari za kazi. Bisibisi akaanza kupumua. Akajua imepita.

Jumamosi saa tano asubuhi alimwona anakuja kwa mbali, koti la bluu la mapokezi, simu mkononi, kioo kimepasuka mstari mrefu katikati. Akafuta meza haraka. Akavuta kigoda, akakipuliza vumbi. Akatoa bisibisi ndogo, ile nzuri.

Mkewe alipofika pale akamsalimia, "Za kazi, mume wangu?" Akamsalimia na Dada Makava. Halafu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuka barabara.

"Fundi," Dada Makava akasema, mkono mdomoni. "Fundi wangu. Mkeo anaenda kwa Daktari?"

"Naona."

"Na simu yake?"

"Naona, dada, nina macho!"

Ng'ambo, koti jeupe likainuka likampa kiti. Simu ikabadilisha mikono. Daktari akasema kitu, kwa huku hakisikiki, akionyesha kidole ule mstari kwenye kioo. Na kile kicheko cha ukoo kikavuka barabara chenyewe, juu ya magari, kikaja mpaka kwenye meza.

Bisibisi akaanza kuhesabu sekunde. Alipofika kumi na moja, kilikuwa bado kinaendelea.