Jua la Chumba cha Mama

Bong Gi-hyeon hakuwa mtu wa kugombana kazini. Alishapita miaka hamsini, na katika kampuni za gemu za Pangyo mtu wa umri huo hugombana mara moja tu, kisha hukabidhiwa shada la maua na kuagwa kwa makofi. Lakini asubuhi ile, mbele ya skrini ya Seol Ye-rin, alipaza sauti mpaka vijana wa meza za jirani wakavua vipokea sauti masikioni.

"Nani kakwambia uzime jua la chumba changu?"

"Sijazima kitu, Mzee Bong. Jua lipo. Halifiki tu."

Ye-rin alikuwa kiongozi wa timu, na Gi-hyeon alikuwa akichora mwanga wa gemu tangu binti huyu hajaanza shule. Kwa hiyo waliogopana kidogo, mmoja kwa cheo na mwenzake kwa umri, na siku nyingi hofu hiyo iliwasaidia kuelewana.

Chumba chenyewe kilijulikana nchi nzima. Gemu ilianzia hapo: chumba kilichozama nusu ardhini, dirisha dogo chini ya dari, na mama aliyekaa sakafuni akibandika macho ya midoli, ile kazi ya kiwandani ambayo wanawake maskini waliichukua wakaifanyie nyumbani. Gi-hyeon ndiye aliyekichora, zamani, wakati kompyuta haikuweza kufuata mwale wa jua hata mmoja na mwanga wote ulipakwa kwa mkono kama rangi ya ukuta. Alipaka jua la alasiri, la njano, likishuka dirishani na kutua juu ya mikono ya mama. Watu waliokwisha kuua majitu hadi wakachoka waliandika kwamba hurudi pale kukaa tu.

Kilikuwa chumba cha mama yake, kule Bucheon. Nyumba ilibomolewa, yakapandishwa maghorofa. Mama alifariki, na kabla ya hapo alipofuka. Hakuna aliyewahi kumpiga picha ndani ya chumba kile. Kilibaki ndani ya gemu tu, na sasa gemu ilikuwa inatengenezwa upya.

Toleo jipya halikupakwa rangi. Mashine ilifuata kila mwale kutoka kwenye jua, ukigonga ukuta unadunda, ukigonga kioo unarudi, kama ilivyo duniani. Na kwa kuwa kazi hiyo iliilemea mashine yoyote, ilichora picha ndogo tu, kisha akili mnemba ikaikuza na kujaza yaliyopungua.

"Na wachezaji wenyewe wanayataka haya?" aliuliza Gi-hyeon.

"Nusu yao watayazima siku ya kwanza ili gemu ikimbie bila kukwama. Wale wa kwenye kumbi za gemu wanazima hata vivuli vya miti, wasije wakapigwa risasi wakishangaa mandhari." Ye-rin alicheka peke yake. "Ila tangazo linayataka. Na mimi nayapenda, sikufichi. Barabara ikiloa inapendeza jamani."

"Basi barabara chukueni. Chumba niachieni. Hiyo mashine yenu imekosea."

"Imefuata ramani, mzee. Safari hii mji umelazwa juu ya mitaa ya kweli. Anwani ulitupa wewe mwenyewe, tena kwa furaha. Dirisha lako linatazama kaskazini, na mbele yake kuna ukuta wa jirani."

"Nani katika nchi hii hujenga nyumba ikatazama kaskazini? Hata banda la kuku tunaligeuzia kusini, jua linakopita!"

Ye-rin alimwingiza shujaa wa gemu chumbani. Giza lilikuwa la kijivu, na mama hakuonekana ila weupe wa mikono. Akawasha ile akili mnemba na uso ukajitokeza taratibu: mwororo, wa makamo mazuri, kama wa wanawake wa matangazo ya mafuta ya kupaka.

"Huyo siye," alisema Gi-hyeon.

"Giza ni jingi, haikupata kitu. Isipojua hujaza kwa yale iliyoyaona kwingine." Kisha, kwa upole, "Niletee mtu mmoja aseme lile dirisha lilipata jua. Mmoja tu. Nitaenda mwenyewe kwa wakubwa leo hii, nikipigie goti chumba chako."

Mtu huyo alikuwepo. Gi-hyeon alitoka hadi kwenye ngazi za dharura akampigia dada yake Sun-ok, anayeuza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, na samaki wa kukausha sokoni Gunsan.

"We, umepiga mchana. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada. Nina swali moja. Kule Bucheon, dirisha letu lilitazama kusini, si ndiyo?"

Sun-ok alicheka mpaka akakohoa. "Kusini ilitazama nyumba ya mwenye nyumba, huko juu. Sisi tulichimbiwa nyuma. Uyoga uliota nyuma ya kabati, umesahau? Mama aliung'oa kwa kijiko."

"Lakini mimi naukumbuka mwanga. Wa njano. Kila nikirudi shule ulikuwepo, umempiga mikononi."

Kelele za soko zikasikika nyuma ya dada, mtu akiita bei ya kaa.

"Ile ilikuwa taa, Gi-hyeon."

"Taa gani?"

"Taa ya dari. Akisikia viatu vyako kichochoroni anawasha. Wewe ulikuwa mwoga wa giza, ulilia mpaka ukatapika. Ukitoka kwenda kucheza, anazima. Mita ya umeme ilikuwa moja na ya wale wa juu, na yule mama mwenye nyumba ulimjua mdomo wake."

"Na akishazima? Alibandikaje macho ya midoli?"

"Kwa kupapasa, na kuyasogeza puani. Mwaka baada ya mwaka. Kwani wewe ulidhani macho yake yaliliwa na nini?"

Alidhani ni uzee. Ndivyo alivyowaambia watu hata msibani, akiwa amesimama na suti yake nyeusi akipokea mikono ya pole: uzee. Alimuaga dada yake, akabaki ameshika reli ya ngazi, na machozi yakamtoka bila sauti. Mashine isiyojua kitu ilimpa mama uso wa mtu mwingine. Yeye, mwanawe wa kumzaa, alimpa jua zima.

Aliporudi hakugombana tena. Aliomba kitu kimoja: taa ya dari, iwake shujaa akikaribia mlango, izimike akishatoka.

"Itazimika hakuna anayeona," alisema Ye-rin. "Mchezaji ameshageuka, yuko mbioni."

"Najua."

"Na nusu yao hawataona hata ikiwaka, nimekwambia, watazima mambo yote haya."

"Najua, mwanangu. Niwekee tu."

Akaiweka. Jioni wengine waliposhuka kwenda kula, Gi-hyeon alikaa peke yake akamtembeza shujaa kichochoroni. Viatu viligonga saruji. Dirisha la chini likawa njano. Akamwingiza, na mama alikuwa pale, mikono ndani ya mwanga, kama alivyomkumbuka maisha yake yote. Akamtoa nje, lakini badala ya kukimbia alimgeuza na kumwinamisha dirishani. Taa ilizimika. Ndani ya giza, ile mikono iliendelea na kazi.

Alimrudisha ndani haraka. Taa ikawaka. Akamkalisha sakafuni karibu na mama, akaondoa mkono wake kwenye kibodi polepole, akavaa koti, akaondoka bila kuzima kompyuta. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aajiriwe.

Alikuwa ameshaita lifti aliposikia sauti ya Ye-rin, aliyerudi kuchukua mwavuli wake, ikitoka kule kwenye meza.

"Mzee Bong! Umesahau kuzima, umeme unaliwa bure! Nenda tu, nimeshakuzimia!"

"Ahsante," alisema Gi-hyeon, na mlango wa lifti ukajifunga.