Nafasi ya Sahihi ya Tatu

Barua ya baraza la marabi ilimfika Betje Wijnschenk siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1961, akiwa amesimama juu ya kiti anapangusa kabati la jikoni ili lisibaki na hata chembe ya mkate. Aliisoma palepale juu ya kiti. Akashuka, akaisoma tena, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akapanda tena akamalizia rafu ya juu, maana Pasaka haingojei mtu.

Ilikuwa barua fupi, tena ya adabu. Binti yake Selien alikuwa amechumbiwa na Ies Turksma, kijana wa familia ya dini kwelikweli, na kama ilivyo kawaida baraza lilidai vyeti vya ukoo wa bibi arusi. Cheti cha bibi yake ndicho kilicholeta tatizo. Bibi huyo, Aukje, mama yake Betje, alizaliwa Mkristo kwenye shamba la ng'ombe huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akaingia Uyahudi mwaka 1912 ili aolewe na muuza vitambaa Myahudi aliyekuwa akipita kijijini kwao. Daftari la sinagogi la mji wa karibu, alikoingilia, lilinusurika vita, ingawa sinagogi lenyewe siku hizi ni ghala la baiskeli. Jina la Aukje limo daftarini. Ila mtu haingii Uyahudi mpaka wanaume watatu washuhudie na kutia sahihi, na chini ya jina la Aukje kulikuwa na sahihi mbili. Nafasi ya tatu ilikuwa tupu. Baraza lilisikitika, kwa hiyo, kwamba haliwezi kumhesabu Aukje kuwa aliingia. Na kwa kuwa Uyahudi hupitia kwa mama, haliwezi kumhesabu Betje, wala Selien.

Betje alikuwa na miaka arobaini na saba. Tangu azaliwe hajawahi kuwasha moto siku ya Sabato, hajawahi kula nyama na siagi kwenye sahani moja, hata wakati wa njaa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mmoja wa wanawake wanaowaosha marehemu wa jumuiya yao pale Amsterdam, kazi isiyo na malipo na isiyozungumzwa. Juma hilohilo Bi Gosschalk, kiongozi wao, alikuja kunywa kahawa, akazunguka weee, mwisho akamwambia apumzike kidogo na kuosha maiti, hadi mambo yakae sawa. Betje alimjazia kikombe. Hakumuuliza aliyemwambia ni nani.

Selien alilia siku moja, kisha akakata shauri. Alikuwa na miaka ishirini, karani katika ofisi ya bima, na alizoea mambo yenye fomu na utaratibu. Alikwenda mwenyewe kwa rabi, akarudi uso umechangamka.

"Mama, si jambo kubwa. Tunaingia kwenye maji ya utakaso, mimi na wewe, tunasema maneno mbele ya mashahidi, yameisha. Wiki sita tu."

"Na mimi nitaingia nikiwa nani?"

"Utaingia ukiwa wewe. Ni maji tu, mama."

Betje alimwambia aende, kwa kuwa ndoa ni yake. Yeye haendi.

Jumapili alikuja mzee Turksma, baba yake Ies, muuza nyama mwenye mikono mikubwa na moyo mzuri, amebeba keki ya lozi. Hakuwa amekuja kugombana. Alieleza kwa upole kwamba watu wengi hudhani taifa teule maana yake ni cheo, kumbe ni kazi. Mungu hakuwachagua Wayahudi kwa uzuri wao wala kwa wingi wao. Alitafuta mgongo wa kubebea Torati, na mgongo aliouona ni huo. Aliye nje hana kosa lolote, akiishi kwa haki anatosha kabisa mbele za Mungu.

"Sasa mkwe wangu," alisema, "mtu akiambiwa kwamba mzigo haukuwa wake, kwa nini aumie?"

"Kwa sababu nimeshaubeba," Betje alijibu. "Kama haukuwa wangu, mngeniambia mapema."

Mzee Turksma alikata keki kipande cha pili, akaanza kusifia mapazia.

Alhamisi Betje alivaa koti lake la kijivu, akaenda kwa Rabi Lansberg. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyepitisha vita Uswisi akarudi akakuta jumuiya ya maelfu imebaki ya kujaza ukumbi mmoja. Alimkaribisha kiti na kumsomea sheria polepole, kama anayeona aibu kwa kila neno. Alisema hakuna anayemshuku. Ni shaka ndogo tu ya karatasi, na maji huondoa shaka.

"Rabi," Betje alisema, "kuna karatasi nyingine sijawahi kumwambia mtu habari zake. Sikiliza."

Akamweleza. Mwaka 1942, Wajerumani walipokuwa wameshaorodhesha majina ya Wayahudi wote wa mji na treni za kuelekea makambini zimeanza kuondoka, mume wake Meijer, aliyekuwa msugua almasi, alisikia kwamba kuna wakili huko The Hague anayesaidia watu kutolewa kwenye orodha. Meijer alikwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi na karatasi iliyokwishapigwa mashine, akailaza mezani mbele ya Betje. Ilisema kwamba Aukje, mama wa Betje, hakuingia Uyahudi kwa kweli, na kwamba aliyemzaa Betje si yule muuza vitambaa bali ni Mkristo fulani, mwenye mashua ya kubeba mboji. Kwa hesabu za Wajerumani Betje angekuwa Mkristo mtupu, na Meijer angekuwa Myahudi mwenye mke Mkristo. Wanaume wa namna hiyo, wenye watoto, waliachwa mjini. Wengi wao wako hai hadi leo. Mmoja huuza maua pale kona ya mtaa wao.

Kilichotakiwa ni sahihi ya Betje peke yake.

"Uongo wa pili ningeumeza," alimwambia rabi. "Mama yangu alikuwa amekufa, angenisamehe kumwita malaya. Uongo wa kwanza ndio ulionikwama. Niandike kwamba mama hakuwa mmoja wetu, na mimi si mmoja wetu, siku ileile wanayotuhesabu kama ng'ombe? Meijer alinibembeleza siku tatu. Akasema, Mungu anajua kwamba ni uongo. Nikamwambia, anajua, ndiyo, lakini mimi nitakuwa nani?"

Majira ya kiangazi yaliyofuata Betje alimpeleka Selien, mtoto wa miaka miwili, kwa daktari kwa ajili ya sikio. Aliporudi alikuta mtaa umezingirwa na malori, na jirani Mkristo akamvuta kwa mkono akamwingiza chumba chake cha makaa. Meijer na Sallie, mtoto wao mkubwa wa miaka sita, walichukuliwa mchana ule. Dada za Aukje, wale Wakristo wa Friesland, ndio waliomficha yeye na Selien hadi vita vilipoisha, juu ya zizi, bila kuuliza kama sahihi zilikuwa mbili au tatu.

Rabi Lansberg alikuwa amevua miwani. 

"Bi Wijnschenk," alisema, "ulichofanya siku zile ndiyo maana ya kuteuliwa. Sijui mtu aliyeitimiza zaidi kuliko wewe."

"Basi andika hivyo. Daftari liko kwako, nimeliona pale mezani. Nafasi ya tatu ni tupu. Tia sahihi."

Rabi alilitazama daftari. Betje alimwona akilitazama, na kwa kitambo kidogo alidhani mkono wake utanyanyuka. Haukunyanyuka. Alisema sahihi ni ya aliyeshuhudia kwa macho yake, na mwaka 1912 yeye hakuwa amezaliwa. Akitia leo, itakuwa uongo.

"Uongo," Betje alirudia. "Na ule wangu je? Mwaka arobaini na mbili nilidhani kinachotakiwa kwangu ni uongo. Kumbe, kwa hesabu yenu, nilitakiwa niseme kweli, na mume wangu apone."

 Rabi alimsindikiza hadi barabarani bila kofia, jambo ambalo rabi hafanyi, akasimama pale upepo ukimpiga kichwani hadi Betje alipokata kona.

Mwezi wa Juni Selien aliingia majini. Betje alimsindikiza, akamshikia taulo, akabaki korido akisikiliza maji yakimfunika mtoto wake na kumfunua, mara tatu, na sauti za wanaume nyuma ya mlango wakiitikia. Selien alitoka nywele zikichuruzika, amefurahi. Njiani, wakitembea kando ya mfereji, alimuuliza mama yake tena kwa nini hakuingia naye, mbona walikuwa wapole, mbona ilichukua dakika kumi.

Betje alikuwa ameapa asimwambie. Lakini rabi alikuwa tayari anajua, na jambo likishatoka mdomoni mara moja huwa jepesi kutoka mara ya pili. Akamweleza habari za wakili, za karatasi, za siku tatu za Meijer. Alidhani akisikia ataelewa uzito wa kile ambacho mama yake anakataa kukiosha kwa maji.

Selien alikamua maji yaliyobaki kwenye nywele.

"Kwa hiyo ningekuwa na baba," alisema hatimaye. "Na kaka."

Hawakulizungumza tena. Maandalizi ya arusi yaliendelea. Betje alishona gauni mwenyewe, vifungo thelathini mgongoni, kila kimoja kimevikwa kitambaa chake. Usiku alijilaza akijiuliza lile la mwaka 1942 lilikuwa imani au kiburi. Siku nyingine alijibu hivi, siku nyingine vile. Kuna siku aliona kwamba hata kama ilikuwa imani, Sallie hakuulizwa.

Ndoa ilifungwa Septemba. Ies na Selien walisimama chini ya kitambaa cha arusi kilichoshikiliwa kwa fito nne, Betje upande mmoja, mzee Turksma na mkewe upande wa pili, na Rabi Lansberg akaanza kusoma hati ya ndoa kwa sauti. Alisoma tarehe na mji. Alisoma jina la bwana arusi, Ies mwana wa fulani, mwana wa fulani. Kisha akafika kwa bibi arusi, na hapo sauti yake ikashuka kidogo.

"Selien, binti Abrahamu."

Hivyo ndivyo huandikwa aliyeingia Uyahudi kutoka nje, kwamba baba yake ni Abrahamu baba wa wote, kwa sababu hana baba mwingine anayehesabiwa. Betje aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Hata hivyo haikuwa imemjia akilini kwamba itasomwa hapa, mbele ya watu mia mbili, juu ya mtoto wa Meijer.

"Meijer," alisema.

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Rabi alinyamaza. Mzee Turksma aliinamisha kichwa.

"Binti Meijer," Betje alisema tena. "Meijer Wijnschenk, msugua almasi. Alikufa kambini Sobibor akiwa Myahudi, hakuna aliyemdai sahihi."

Rabi alingoja kama mtu anayemngoja mwenye kikohozi amalize. Alikuwa amepauka. Kisha akaendelea kusoma kutoka alipoachia, na kila alipolifikia jina la bibi arusi alisoma kilichoandikwa. Glasi ikavunjwa kwa mguu, kama ilivyo desturi, watu wakapiga kelele za pongezi, kubwa kuliko kawaida, wakashukuru kupata la kufanya.

Baadaye, wakati wanaume wamekwishaanza kucheza ukumbini, Betje alimfuata Selien kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambako vifungo viwili vya gauni vilikuwa vimefunguka. Akasimama nyuma yake akaanza kuvifunga. Wote wawili walikuwa wakitazama kioo.

"Umeniaibisha, mama."

"Nilimtaja baba yako."

"Ungemtaja kwa yule wakili," Selien alisema. "Huko ndiko kutajwa kungemfaa."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma tarakimu ofisini kwake. Vidole vya Betje vilisimama juu ya kifungo.  Aliona tu shingo ya mwanawe, na chini ya sikio lile kovu dogo la usaha wa kiangazi cha mwaka arobaini na tatu, lililowaokoa wawili kati ya wanne. Akakiingiza kifungo kwenye tundu lake. Akakiingiza na cha pili. Akalinyoosha gauni mabegani, akamwambia liko sawa sasa, aende, mumewe anamngoja.

Selien akatoka. Betje alibaki pale akakunja taulo na vitambaa walivyoviacha ovyo wasichana waliomvika bibi arusi, akavipanga kitini, na alipokwisha hakuona kingine cha kukunja.