Kelele ya Kuamsha Hamira

Mwanga uliruka kutoka majini, ukapanda mlima, ukaingia jikoni, ukagonga pipa jipya la stili na kunirudia usoni. Nikajiona mle: mjane, midomo imebanwa, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Sikulipenda pipa lile.

Sufuria yako ya shaba ilipasuka kwa baridi, Eilev. Haikuaga. Kama wewe tu.

Vyombo hivi vya kupikia bia kaleta binti yetu Jorunn: sufuria, pipa, kichujio, na kidude kinachoandika joto kwa namba. “Mama, hii karibu inajipikia yenyewe,” alisema. Haya, tutaona.

Ghalani, kwenye msumari wako, imening'inia pete kubwa ya mbao, ya kutumbukizwa kwenye bia. Juu yake imekaukia hamira yako, ya kijivu, inabanduka kama tope la buti. Ulipewa na baba yako, naye alipewa na babaye. Majirani siku hizi hununua ya pakiti. Viatu vyako nimevigawa. Mbwa wako alikufuata. Kitu chako ambacho huenda bado kina uhai ni hiki kimoja, na ni huenda tu. Usife mara ya pili, Eilev.

Tukamwaga kimea. Vumbi lake likapanda, maji ya moto yakalipokea, nyumba ikanukia kama zamani, nami nikashika meza.

Jorunn akafungua bomba. Tone. Tone. Kimya.

Kichujio kimeziba! Nilimwambia tutandike matawi ya mreteni, kile kichaka cha miiba kinachonukia, chini ya kimea, kama ulivyotandika wewe. Akasema huo ushamba. Sasa anaipiga sufuria makofi.

“Toka kakate mreteni,” nikamwambia.

Tukachota kimea chote, tukatandika matawi, tukakirudisha, mikono ikituungua. Bomba likatiririsha maji ya kimea, mekundu, matamu, hadi pipa likajaa.

“Usinicheke, Mama.”

“Nani kacheka?” Nilikuwa nacheka.

Halafu namba za kile kidude zikaanza kushuka, na Jorunn akataka zishuke zaidi, kama pakiti zinavyoagiza. Nikamsukuma kando. Hamira ya pakiti hupenda baridi. Hii yako hupenda joto la maziwa yaliyotoka sasa hivi kwenye chuchu. Nikachovya mkono, nikausikiliza. Bado. Bado. Sasa.

Nikaitumbukiza pete.

Na hapo, wewe wajua, mtu hupiga kelele. Hamira haiamki kwa adabu. Nyumba iliyonyamaza hunywa bia chapwa kama maji ya kuoshea vyombo. Kelele yako ilikuwa inatawanya mbuzi.

“Piga, Mama.”

“Piga wewe, una mapafu.”

“Mimi hainijui. Kelele ni ya mwenye nyumba.”

Mwenye nyumba ni wewe, Eilev. Nikipiga mimi, basi ni kweli umekwenda. Sikulia kanisani, sikulia kaburini, watu wakanisifu, mwanamke wa mwamba. Mwamba gani! Niliogopa tu.

Pete inaelea. Hakuna povu. Mdomo wangu wazi, sauti haiji. Maji yanapoa. Usife, Eilev. Usife, usife.

Ikaja. Ilitoka chini, chini kabisa, ikanipasua kifua, vikombe vikalia rafuni, mbuzi wakaruka ua. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka pumzi ikaisha.

Jirani Oddmund akakimbilia uani kwake, suruali kaishika kwa mkono. “Jamani, Gunnvor! Nani kafa?”

“Eilev!” nikamjibu. “Eilev amekufa!”

Mwaka mzima sikuwa nimelitamka neno hilo. Oddmund akavua kofia. Jorunn akanishika, tukalia sote wawili sakafuni, katikati ya machicha, tunanuka kimea.

Tukiwa bado pale chini, pipa likasema kitu. Kidogo. Kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Jorunn akainua kichwa. “Mama?”

“Nyamaza.”

Likakohoa tena, kisha likaanza kuchemka bila moto. Povu likapanda, likainua kifuniko, likateremka ubavuni mwa stili, zito, la rangi ya siagi. Nikaitoa pete, imevaa hamira mpya, nzima, inatona. Nikaitundika dirishani ikauke.

Mwanga uliruka kutoka majini, ukapanda mlima, ukaingia jikoni. Pipa lilikuwa limejaa povu, halikuwa na uso wa kunionyesha. Ukatua kwenye pete, na Jorunn akaniuliza kama mwakani anaweza kupiga kelele yeye.