Msumari wa Edulia

Vuuu. Kisha ta, ta, ta-ta, kama mahindi yanayodondoka kwenye debe tupu. Kisha vuuu tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Rosamel Barría aliusikia mvumo huo akiwa amefumba macho, na kwa kitambo kifupi akadhani ni asubuhi ya siku zote, kwamba mkewe ametangulia kuamka na sasa hivi ataingia na birika. Akafumbua macho. Jeneza lilikuwa palepale katikati ya sebule, na Edulia ndani yake.

Hakushtuka. Tangu juzi hakikumshtua kitu. Watu walimpa mkono akaupokea, walimpa mkate akautafuna, walimwambia pole akajibu ahsante, kama mtu anayehesabu kondoo wa jirani. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi mfano wa mguu uliokaliwa vibaya: upo, ni wako, lakini ukiufinya ni sawa na kumfinya mtu mwingine.

Mvumo ulitoka kwenye jiko la kupashia nyumba joto, lile la punje za mbao, pembeni mwa ukuta. Feni yake ilikuwa inapuliza hewa ya moto moja kwa moja juu ya jeneza.

"Nani kaliwasha hivi?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Nolberto, kaka yake Edulia, akitokea jikoni na kibuyu cha chai chungu mkononi. "Mama alikuwa anatetemeka. Nimeweka digrii thelathini."

"Thelathini?"

"Sasa, shemeji, ukitaka moto si unaongeza kuni? Hapa hakuna kuni, kuna kitufe. Nimeongeza kitufe."

Wanaume waliokuwa jikoni wakacheka. Mmoja akasema Nolberto hata punda wake humwongezea kitufe akikataa kupanda mlima. Matangani watu hucheka, vinginevyo wangelala.

Bibi Herminda, mama yao Nolberto na marehemu, hakucheka. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, ameketi ubavuni mwa jeneza tangu jana, shali mbili mabegani, mkono mmoja juu ya ubao. Kila aliyejaribu kumpeleka chumbani alimjibu neno moja: "Simwachi."

Saa nne asubuhi mzee Quezada, mwenye duka la majeneza, aliingia, akavua kofia, akainama juu ya kile kidirisha cha kioo kilicho upande wa uso. Alikitazama kwa muda. Kisha akamshika Rosamel mkono, akamvuta kando.

"Don Rosamel, nilikwambia jana. Chumba hiki kinatakiwa baridi. Tazama pembe ya chini pale, kioo kimeanza kutoa jasho kwa ndani. Sasa hivi jasho liko kifuani. Nitarudi saa kumi alasiri. Nikikuta jasho limefika kidevuni, nafunga kifuniko na sifungui tena. Si ukatili, ni kumsitiri."

"Binti yangu hajafika."

"Najua. Yuko wapi?"

"Amekwama na theluji chini ya mlima Castillo. Wanasubiri katapila lifungue njia."

Quezada alivaa kofia yake. "Basi mwombe Mungu awahimize wenye katapila, na wewe mwombe huyo mnyama wako wa chuma apoe."

Yasna alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu katika mji wa Cochrane, mbali kusini. Alikuwa hajamwona mama yake tangu Februari. Usiku alipopigiwa simu alisema jambo moja tu, na alilirudia mara tatu: "Baba, msimfunike kabla sijamwona uso." Rosamel aliisikia sauti ile kama anavyosikia mtu aliye ng'ambo ya mto, maneno yakimfika, uchungu ukimezwa na maji. Hata hivyo alielewa. Kati ya mambo yote ya siku zile mbili, hilo moja alilielewa: uso wa Edulia usifunikwe.

Alikwenda kwenye jiko akabonyeza kitufe cha kuzima, akakishikilia mpaka skrini ikaandika kwamba limezimwa. Feni ikaongeza mvumo.

"Zima, shemeji!"

"Nimezima."

"Mbona linapuliza zaidi?"

Miaka mitatu nyuma serikali ilipolichukua jiko lao la kuni, lile jeusi la chuma, kwa sababu moshi wa mji wa Coyhaique ulikuwa unawala watu vifua, iliwapa hili badala yake. Siku fundi alipokuja kufundisha, Rosamel alitoka nje kuchonga nguzo za ua, nguzo ambazo hazikuwa na haraka yoyote. "Mwanamume hafundishwi kuwasha moto," alisema mlangoni. Edulia ndiye aliyekaa na fundi, akauliza, akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Baadaye Rosamel alikuwa akimtania kwamba anaongea na friji. Naye Edulia akijibu: "Afadhali friji, inanisikiliza."

Feni iliendelea kuvuma. Rosamel aliinama, akang'oa waya wa umeme ukutani.

Kukawa kimya. Wakapumua. Kisha moshi ukaanza kutoka pembezoni mwa mlango wa jiko, mwembamba mwanzoni, halafu mnene wa kijivu, kwa sababu punje zilikuwa bado zinawaka ndani na hakuna tena kilichousukuma moshi kwenda kwenye bomba. Wanawake waliokuwa wakisali rozari waliacha katikati ya Salamu Maria, wakakohoa. Mtu akafungua mlango, mwingine dirisha. Baridi ya nje, iliyokuwa imegandisha hata maji ya mbwa, ikaingia kama ng'ombe waliovunja zizi.

Rosamel aliushika mlango wa jiko aubane vizuri. Aliunusa ukucha wake ukiungua kabla ya kusikia chochote kidoleni. Akautazama. Akakitia kidole mfukoni.

Moshi ulipoisha, sebule ilikuwa barafu. Kioo cha jeneza kilikuwa kimeacha kutoa jasho, hilo ni kweli. Lakini midomo ya bibi Herminda ilikuwa imeingia rangi ya samawati, na shali zilitikisika mabegani pake.

"Mama, twende chumbani," Nolberto alimbembeleza. "Kuna blanketi la sufu."

"Simwachi."

"Utakufa hapa!"

"Basi mtaokoa gharama, mtatuweka pamoja. Niondokee."

Nolberto alimgeukia Rosamel, utani umemtoka usoni. "Shemeji, mmoja anataka baridi, mmoja anataka joto. Tufanyeje? Dada yangu nimeshampoteza. Sitaki na mama."

Rosamel alirudisha waya ukutani. Skrini ikawaka, ikaandika maneno asiyoyajua, feni ndogo ya ndani ikaanza kupuliza bila moto. Nolberto akanyoosha kidole abonyeze.

"Acha," Rosamel alisema.

"Halijawaka!"

"Acha limalize. Lina utaratibu wake."

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Edulia. Aliyasema kila jioni alipokuwa analizima jiko na mumewe akinung'unika kwamba dude limezimwa na bado linavuma. Acha limalize, linatoa moto uliobaki tumboni. Na asubuhi, likichelewa kuwaka: acha limalize, linajisafisha kwanza. Rosamel aliyasikia miaka mitatu kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati.

Wakangoja. Dakika saba, nane. Ta, ta-ta. Punje zikadondoka, zikafuka, na mwali mdogo wa manjano ukasimama ndani. Rosamel alishusha namba kutoka thelathini hadi kumi na saba. Alikumbuka hiyo, kumi na saba ya Edulia, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba ni ubahili.

Lakini mara mwali ulipokomaa, feni ikapandisha mvumo uleule wa asubuhi.

"Unaona?" Nolberto alisema. "Hata ukiliomba kidogo linakupa furushi."

Rosamel aliisoma skrini. Namba iliyotakiwa: kumi na saba. Namba ya chumba: tisa. Akaweka kiganja hewani juu ya jeneza. Haikuwa tisa. Milango ilikuwa imefungwa tena, hewa ilikuwa imeshaanza kulegea. Basi jiko lilikuwa linaisoma tisa wapi?

Alipiga magoti nyuma ya jiko. Palitoka waya mwembamba mweusi, wenye kichwa kidogo kama punje ya maharage, umelala sakafuni hadi karibu na mlango wa mbele, palepale upepo unapopenya chini ya ubao. Kila mwombolezaji alipoingia, upepo ulikipiga kile kichwa, na jiko likaamini nyumba nzima inaganda. Lingechoma mpaka kesho likiamini hivyo. Na thelathini ya Nolberto haikuwa kuni za kuongeza. Ilikuwa ni kumtuma mtu mahali asipoweza kufika, akimbie bila kupumzika.

"Huu waya ulikuwa wapi?" Nolberto aliuliza.

Rosamel alitazama ukutani. Jana, walipoliingiza jeneza, waliondoa kiti cha Edulia na kikapu chake cha kufumia, na huenda ndipo waya ulipodondoka. Nyuma ya mahali pa kile kiti, usawa wa bega la mtu aliyeketi, palikuwa na msumari mdogo usio na kitu. Aliuona miaka yote akidhani ni wa kalenda. Siku moja aliuliza, na Edulia akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufu: "Linapima pale ninapokaa mimi."

Alitundika waya kwenye msumari.

"Leteni kiti chake," alisema.

Walikileta kutoka chumbani. Rosamel alikiweka mahali pake, chini ya msumari. Kisha yeye na Nolberto na wanaume wawili wa jikoni walilinyanyua jeneza taratibu, wakalisogeza upande wa pili, karibu na dirisha ambalo kioo chake kilikuwa na barafu, upande wa uso ukielekea kiti. Hewa ya feni haikufika huko.

"Mama," Rosamel alichuchumaa mbele ya bibi Herminda. "Simwondoi. Keti pale. Utamwona uso kutoka pale."

Bibi alikipima kiti, akalipima dirisha. "Hicho ni kiti chake."

"Ndiyo."

Bibi alimpa mkono. Akatembea hatua zake tano, akaketi, akavuta shali. Baada ya kitambo Rosamel aliona mabega yake yametulia.

Skrini ikasoma kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na saba. Hapo mwali ukajikunja wenyewe, punje zikaanza kudondoka mojamoja, na feni ikashuka, ikashuka, hadi ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Wanawake wakairudia Salamu Maria pale walipoiacha. Nolberto akajaza kibuyu maji ya moto, akampa Rosamel. "Kumbe dada alikuwa fundi," alisema, akageuza uso haraka kuelekea jikoni.

Saa kumi Quezada alirudi, akainama juu ya kidirisha. Akapitisha kidole pembe ya chini. Kavu. Akaitazama barafu ya dirishani, bibi kitini, waya ukutani.

"Mpaka kesho mchana," alisema, "hivi hivi."

Rosamel aliitikia kwa kichwa. Alingoja kitu kimjie kifuani, hata kidogo. Hakikuja. Kidole tu kilikuwa kimeanza kuuma, mbali sana.

Simu iliita. Ilikuwa Yasna, pumzi juu. "Baba, katapila limepita! Wanaturuhusu mmoja mmoja. Barabara ni kioo kitupu, lakini nitakanyaga mafuta, nitafika kabla hawajamfunika. Waambie wangoje, baba, waambie!"

Rosamel alisogea karibu na dirisha. Uso wa Edulia ulikuwa wazi chini ya kioo, nyusi zake zikiwa zimekunjana kidogo, kama alipokuwa akihesabu vishono.

"Usikimbize gari, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Njoo polepole. Hata ukifika kesho asubuhi utamkuta. Mimi nakaa hapa na jiko, sisinzii. Nakuahidi, Yasna: uso wa mama yako utauona."