Njia Nne za Bonde la Valdrun

Ramadhani alikuwa ameegesha gari nje ya duka la dobi, Al Mansoura jijini Doha, akisubiri kanzu za bosi wake, simu ilipolia. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini mchana, Jumanne ya mwezi wa Agosti, na joto lilikuwa limefagia watu wote barabarani. Aliona jina la mdogo wake, Sabra, akapokea huku anatabasamu. Tangu Sabra asafiri na familia ya bosi kwenda Uswisi, kila akipiga ni kulalamikia baridi.

"Kaka," alisema Sabra. "Mama Kabiri hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nimeswali adhuhuri, nimetoa salamu, kugeuka nakuta kiti kitupu. Mlango uko wazi. Nimezunguka nyumba mara tatu. Kaka, hayupo!"

Mama Kabiri ndivyo wafanyakazi walivyomwita mama mzazi wa bosi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Miguu yake ilikuwa mizima kama ya msichana, ila akili ndiyo iliyoanza kumtoka kidogo kidogo, siku nyingine akimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Sabra alikuwa na kazi moja tu, kutomwacha peke yake. Na kazi hiyo alitafutiwa na Ramadhani. Kwa miaka minane alikuwa amemwendesha bosi, Bwana Abdulaziz, pale nyumbani kwake Muaither bila doa lolote, na yaya wa zamani alipoondoka, yeye ndiye aliyesema, "Nina mdogo wangu nyumbani, Mlalo. Mimi ndiye mdhamini wake." Sabra alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kazini walipomchukua kwenda naye likizo.

"Bosi yuko wapi?"

"Wamepanda treni ya mlimani na madamu. Watarudi jioni."

"Umempigia?"

Alisikia mlango mwingine ukifunguliwa.

"Sabra, nakuuliza, umempigia?"

"Kaka, nakuomba kwa haki ya mama, usimwambie. Nitampata. Mtu mzima yule atakuwa ameenda wapi? Wakijua tu watanirudisha nyumbani, na wewe utaumbuka. Nipe nusu saa. Nusu saa tu, kaka."

Ramadhani alijua jibu lililofaa. Lilimfika hadi kwenye ulimi, kisha akalimeza. "Haya," alisema. "Nusu saa."

Ndipo alipokumbuka makaratasi. Bwana Abdulaziz alikuwa mtu wa kukimbia. Kila alfajiri Ramadhani humpeleka bustanini na kumshikia saa. Kabla ya safari alimtuma kuchapisha kurasa alizozitoa mtandaoni, na nakala ya kwanza ilitoka na wino uliochafuka, Ramadhani akaitupia chini ya kiti. Sasa akaichomoa. Juu paliandikwa kwa Kiingereza habari za njia nne za kukimbia, zenye mandhari ya kuvutia kuliko zote katika bonde la Valdrun na vijiji vyake vya kale. Palikuwa na ramani ndogo. Njia zote nne zilianzia kwenye bomba la mawe katikati ya kijiji cha Orsa, na nyumba waliyopanga ilikuwa hapohapo Orsa.

"Sabra, unaliona bomba la mawe, lenye maji yanayotoka muda wote?"

"Naliona."

"Simama hapo. Usiende popote mpaka nikwambie."

Njia ya kwanza ilizunguka kanisa na kurudi. Ya pili iliteremka mtoni, ikavuka daraja la mbao lenye paa, ikaishia kijiji cha Brun. Ya tatu ilipita msituni hadi kwenye kinu cha zamani. Ya nne ilipanda ngazi za mawe zilizojengwa na wachuuzi wa chumvi, mpaka Kastel, kijiji kikongwe kuliko vyote, chenye nyumba za magogo yaliyopigwa na jua hadi yakawa meusi.

Ramadhani alikulia milimani. Huko kwao Usambara mtoto akipotea kwenye ukungu hutafutwa bondeni, kwa sababu mguu wenyewe hufuata mteremko. Na bondeni kulikuwa na mto.

"Shika njia inayoshuka," alisema. "Utaona alama ya njano kwenye miti. Nenda hadi darajani. Kimbia!"

Sabra akakimbia. Alikuwa amevaa baibui na kandambili, na kaka yake alisikia kandambili zikipiga chini, pa, pa, pa, na pumzi yake ikikwaruza. Yeye alikuwa ameketi kwenye ubaridi wa kiyoyozi, kidole juu ya karatasi, akimsomea.

"Upite ghala lenye picha ya mtakatifu ukutani. Umeliona?"

"Nimelipita."

"Kisha njia inapinda kushoto, kuna benchi." Karatasi ilisema kwamba wakimbiaji wengi husimama hapo kupiga picha. Hilo hakumsomea.

Kwenye benchi Sabra alikutana na watu wawili, mume na mke, wamevaa nguo za mbio. Ramadhani alimsikia akiwalilia. "Mama! Old mama! Please!" Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na pumzi zilikimeza hata hicho. Akasikia sauti za watu zikijibu kwa uchangamfu, kisha nyayo zikienda zake.

"Wamenipungia mkono," Sabra alisema. "Kaka, wamenipungia mkono wakaenda."

Darajani hapakuwa na mtu. Sabra aliinama kwenye ukingo, akatazama maji ya kijivu yaliyokuwa yakigonga mawe kwa ghadhabu, akaanza kulia kwa sauti. Hapo ndipo mvua ilipoanza, na si mvua peke yake. Ramadhani alisikia kishindo juu ya paa la daraja kama mtu anamwaga kokoto.

"Ni mawe, kaka. Mvua ya mawe. Na yeye katoka na kijalabia cha ndani tu na ndara."

Nusu saa ilikuwa imekwisha zamani. Ramadhani aliona saa kwenye dashibodi, akageuza macho. Akamwambia aende hadi Brun. Sabra akaenda hadi Brun. Akabisha milango miwili. Mmoja haukufunguliwa, na kwenye wa pili alitoka mzee mwanamume aliyemsikiliza kwa huruma bila kuelewa neno, akamletea mwavuli.

Mtu aligonga kioo cha gari. Alikuwa Wanjohi, Mkenya, mlinzi wa jengo la upande wa pili wa barabara, rafiki yake wa miaka mingi. Alishika chupa ya maji.

"Rama, uko sawa? Nakuona hapo kichwa kwa usukani saa nzima, injini inanguruma."

Ramadhani alifungua mlango, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja. Wanjohi alisikiliza akiwa amesimama juani, jasho linamchuruzika.

"Na bosi anajua?"

"Bado."

"Bado? Zii, Rama, hapo umekosea. Huyo ni mama ya wenyewe, na ako nje kwa mvua ya mawe. Usicheze na maisha ya mtu juu ya kazi. Piga simu saa hii. Mimi niko hapa, siendi mahali."

Kwa haraka Ramadhani alibonyeza kwanza jina lisilo la bosi. Alipobonyeza la bosi, simu ilipokelewa mlio wa kwanza. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote aliyoyaona siku ile: mlio wa kwanza tu, na sauti ya Bwana Abdulaziz ikiwa karibu kana kwamba yuko kiti cha nyuma.

"Ndiyo, Ramadhani?"

Alimweleza. Upande wa pili palikuwa na vicheko vya watu, kisha vicheko vikafifia, bosi akiwa amesogea kando.

"Tangu saa ngapi?"

Saa ya gari ilionyesha saa kumi na dakika tano. Tangu Sabra apige ilikuwa imepita saa moja na dakika ishirini na tano.

"Si muda mrefu, bosi," Ramadhani alisema. "Sabra amenipigia sasa hivi."

Wanjohi, aliyejua Kiarabu cha kutosha, akatazama pembeni.

Bosi alikata ili awapigie waokoaji. Ramadhani akarudi kwa Sabra, ambaye alikuwa amepanda tena hadi Orsa, akisimama karibu na bomba, hajui aelekee wapi. Ilisikika pumzi tu, na nyuma yake mvua ikipungua, na nyuma ya mvua kitu kingine chembamba.

"Nini hicho kinalia?"

"Nini?"

"Hicho. Kama kengele."

"Ni mbuzi. Kutwa wanalia huko juu, wamevishwa kengele shingoni."

Ramadhani alijipiga paji la uso. Kila Ijumaa, miaka minane yote, alikuwa akimpeleka Mama Kabiri shambani Umm Salal, alikozaliwa. Bibi yule hakutaka kukaa majlisi na wageni wala kunywa kahawa. Alitaka zizini. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akiwaita mbuzi mmoja mmoja kwa majina, na mengine yalikuwa majina ya mbuzi waliokufa kabla Ramadhani hajazaliwa. Sabra hakuwahi kwenda huko; Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Aliyejua ni Ramadhani peke yake, naye alikuwa amemtafuta mama wa watu kama anavyotafutwa mtoto wa Kisambaa.

"Panda!" alipiga kelele hata Wanjohi akaruka. "Njia ya nne, alama nyekundu, ngazi za mawe. Fuata mbuzi, Sabra! Fuata kengele!"

Akampigia bosi, akamwambia neno moja, Kastel, akarudi kwa mdogo wake. Ngazi zilikuwa zaidi ya mia nane, kwa maelezo ya karatasi, na zilikuwa zimelowa. Kandambili moja ilikatika. Sabra akazivua zote mbili akapanda peku. Ramadhani hakuwa na la kumsomea tena, hivyo alihesabu. Alihesabu kumi, kisha kumi nyingine, kama walivyokuwa wakihesabu utotoni wakipandisha maji, na Wanjohi akiwa amekaa kiti cha abiria alihesabu naye bila kutoa sauti.

"Namwona," Sabra alisema. Kisha akapiga ukelele, na simu ikaanguka.

Kwa dakika nyingi Ramadhani alisikia upepo tu, na kengele, karibu sasa, na mbuzi wakilia. Alipopata kusikia tena sauti ya mtu, haikuwa ya Sabra. Ilikuwa ya Mama Kabiri, nyembamba, ya kunong'ona, akisema kwa Kiarabu, "Funga zizi, binti. Funga zizi, watatoka."

Alikuwa amelala chini ya ukuta, vidato vichache kabla ya Kastel, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Midomo ilikuwa ya buluu. Sabra alivua baibui akamfunika, akaona haitoshi, akalala juu yake. Ndivyo waokoaji walivyowakuta saa kumi na mbili kasoro robo kwa saa za Doha, na hawakuweza kuutoa mkono wa bibi katika mkono wa Sabra, ikabidi wampandishe naye helikopta.

Mama Kabiri hakufa. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, kifua kikambana, akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku sita. Walirudi Doha baada ya wiki tatu. Ramadhani aliwapokea uwanja wa ndege, akamwona akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, yeye aliyekuwa akikanyaga samadi ya Umm Salal kwa hatua ndefu. Mwili ulikuwa umebaki nusu. Daktari, Sabra alimwambia baadaye, alisema hatasimama tena.

Tangu siku ile Ramadhani alikuwa halali vizuri. Hakuna aliyejua bibi alianguka saa ngapi. Huenda alianguka dakika ya kumi, kabla simu yoyote haijapigwa. Huenda alianguka wakati Ramadhani ameinamisha kichwa kwenye usukani. Aliligeuza jambo hilo kila upande, na kila upande lilikuwa na ncha.

Siku ya pili Bwana Abdulaziz alimwita sebuleni. Alikuwa amekonda, na hakuwa amekimbia tangu siku ile.

"Nataka kukushukuru," alisema. "Wewe ndiye uliyefikiria mbuzi. Mimi mwanawe sikufikiria."

Ramadhani alibaki amesimama. Angeweza kuinamisha kichwa, aseme alhamdulillah, atoke. Sabra alikuwa jikoni anamsagia bibi uji; Ramadhani alisikia mashine.

"Bosi," alisema, "siku ile nilikwambia Sabra amenipigia sasa hivi. Haikuwa sasa hivi. Alinipigia saa tisa kasoro dakika ishirini."

Bwana Abdulaziz alimtazama. Midomo ilicheza, akipiga hesabu.

"Kwa nini?"

"Niliogopa atafukuzwa."

"Yeye ndiye aliyekuomba?"

"Mkubwa ni mimi," Ramadhani alijibu. "Uamuzi ulikuwa wangu."

Mashine jikoni ilinyamaza. Bosi alisimama akaenda dirishani, akawa anaongea na kioo. "Mama hamkubali mtu mwingine amlishe. Usiku anamshika mkono mpaka asubuhi. Dada yako atabaki. Lakini wewe, Ramadhani, kila nikikaa nyuma yako garini nitakuwa nahesabu." Akageuka. "Nitakusainia uhamie kwa mwajiri mwingine. Acha funguo mezani."

Aliacha funguo mezani. Chumbani hakuwa na vitu vingi. Begi moja na mkeka wa kuswalia vilitosha. Sabra alimkuta mlangoni, kijiko bado mkononi.

"Kaka, umesema nini huko ndani? Kwa nini umesema? Walikuwa hawajui!"

"Mimi nilikuwa najua."

"Basi na mimi naondoka. Siwezi kukaa humu bila wewe. Mimi ndiye niliyekuomba, nitamwambia hivyo hivyo!"

"Utakaa," alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Uji unapoa. Nenda kamlishe, na usilie mbele yake, anaelewa."

Sabra alisimama, machozi yanadondokea kijiko. Kisha kutoka ndani bibi akaita, si kwa jina la mtu yeyote, sauti tu, na Sabra akafuta uso kwa mtandio akageuka.

Ramadhani alitoka na begi lake. Ilikuwa saa sita mchana, na kituo cha basi cha Muaither kilikuwa mbali. Alimpigia Wanjohi, ambaye alisema kitanda kimoja kipo wazi chumbani kwao Al Mansoura, mwenzao ameenda likizo, lakini ni mpaka mwisho wa mwezi. Ramadhani akasema itatosha. Hakujua kama itatosha. Akashika kando ya ukuta mahali palipokuwa na uzi wa kivuli, akaanza kutembea.